UZI MAALUMU: Pikipiki ya rejeta inachemsha? Pita hapa kabla hujafungua hedi

#1 FundiGombani (Chake Chake)

Assalaam alaykum.

Kaskazi imeshika, jua halina huruma, na hapa gereji karibu kila siku analetwa mtu na chombo kinachofuka mvuke. Karibu kila mmoja keshaambiwa njiani kwamba gasketi ya hedi (kile kibamba kinachoziba kati ya silinda na hedi, yaani kichwa chake cha juu) imekwenda. Wapo waliokwishafungua, wakatia gasketi mpya, wakafunga, na mlima wa kwanza tu ikachemsha tena. Nauweka uzi huu ili mtu aanze na vya bure, afuate vya bei ndogo, hedi iwe ya mwisho.

Nazungumzia pikipiki zinazopozwa kwa maji. Boxer na TVS HLX hazimo, zile zinapozwa na upepo na zina maradhi yao mengine.

Kabla hujashika spana jiulize: inachemsha WAKATI GANI?

Ikichemsha kwenye foleni, kwenye kilima cha mwendo wa pole, au ukisimama huku injini inawaka, halafu barabara ikiwa tupu ukaiachia moto mshale wa joto unashuka, basi unakosa upepo. Ni feni, swichi yake, fyuzi, au rejeta imezibwa mbele. Ikichemsha ukiwa kasi na ukipunguza inatulia, maji ndiyo hayazunguki: yamepungua, rejeta imeziba ndani, pampu imechoka, au thamostati (kivalvu kinachoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) inafunguka nusu. Ikichemsha muda mfupi tu baada ya kuwashwa, popote pale, basi thamostati imegoma, au kuna hewa imenasa kwenye mfumo, au ndiyo hiyo hedi mnayoisema kila siku.

Sasa anza nayo ikiwa baridi, asubuhi kabla hujaiwasha. Fungua kifuniko cha rejeta yenyewe, usitazame kitangi cha akiba peke yake. Hapa wengi wanadanganyika. Kitangi kinaonesha maji yapo kwenye alama, moyo unatulia, kumbe rejeta nusu tupu. Maji yakipata moto hutanuka, springi ya kifuniko inaachia na yanatoka kwenda kwenye kitangi. Injini ikipoa, kivalvu kidogo kilicho katikati ya kifuniko kinafunguka na maji yanavutwa kurudi. Kivalvu kikifa, au kile kimpira chembamba kikipata ufa, maji yanakwenda na hayarudi. Ukikuta kitangi kimejaa na rejeta imepungua, usiende mbali, ni kifuniko au kimpira.

Kifuniko kimeandikwa namba juu, mara nyingi 1.1, yaani shinikizo la bar 1.1. Maji matupu kwenye sufuria huchemka nyuzi 100. Ndani ya mfumo uliofungwa sawasawa kwa bar 1.1 hayachemki mpaka yapite 120 kidogo. Basi mpira wa kifuniko ukikauka na kupasuka, injini ileile, kwa joto lilelile la 105 ambalo ni la kawaida kwenye foleni, inaanza kutoa mvuke. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mfumo na ndicho watu hukibadilisha mwisho.

NA USIKIFUNGUE IKIWA YA MOTO. Maji yaliyobanwa kwa shinikizo yakiachiwa ghafla yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Kamata mpira wa juu wa rejeta kwa mkono: ukiweza kuushika bila kuuachia, na ukiubana unabonyea, ndipo uweke kitambaa kizito juu ya kifuniko, ukizungushe mpaka kituo cha kwanza, usubiri ile sauti ya "sssss" iishe, halafu umalizie.

Baada ya hapo chuchumaa uitazame rejeta kwa mbele. Wanaopita msitu wa Ngezi wakati wa masika wanajua ninachosema: tope la tairi la mbele linajaa kwenye vibati vyembamba vya rejeta, linakauka, na kutoka nje linaonekana kama vumbi tu. Osha kwa maji ya mpira wa bustani, kwa utaratibu, ukitokea nyuma kuja mbele. Zile mashine za kuoshea magari zisisogezwe karibu, zinalaza vibati vyote na upepo haupiti tena. Vilivyolala viinue kimoja kimoja kwa bisibisi ndogo. Kazi ya kuchosha lakini haina gharama. Na hizo taa za urembo mnazozifunga mbele ya rejeta zitafutieni mahali pengine.

Nitaendelea kadiri maswali yanavyokuja.

#2 MzeeMalindi

Wa alaykum salaam. Maneno mengi. Sisi tangu tuko vijana thamostati tunaitoa, tunaitupa, na pikipiki zinakwenda. Nchi yetu ya joto hii, thamostati ni ya Ulaya huko kwenye barafu.

#3 FundiGombani

Shikamoo mzee wangu. Hili nalisikia kila siku na sikubaliani nalo.

Thamostati haipo kwa ajili ya barafu. Ipo ili injini ifike joto lake la kazi haraka na ibaki hapo. Injini ikifanya kazi baridi mno, petroli haiungui vizuri, unyevu unabaki ndani ya oili badala ya kukauka, na silinda inalika. Hayo huyaoni leo, unayaona oili ikianza kuchafuka mapema na ulaji wa mafuta ukipanda.

Tena kuna injini ambazo thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji haiendi kupozwa. Mtu kaitoa ili ipoe, kumbe kaongeza moto.

Kuijaribu ni rahisi. Ifunge uzi, iteremshe kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, isiguse chini, weka na kipimajoto. Nyingi za pikipiki huanza kufunguka kati ya nyuzi 70 na 85, namba yake imepigwa pembeni. Ikifunguka karibu na namba hiyo na ikajifunga maji yakipoa, nzima. Ikibaki imefunga maji yanachemka, hiyo sasa ndiyo ya kutupa, na utie mpya. Sufuria iwe kuukuu isiyorudi jikoni, maana kulanti (ile dawa ya rangi inayotiwa kwenye maji ya rejeta) iliyobaki kwenye thamostati ni sumu.

#4 MkweziWaWete

Shukran fundi. Langu ni hili. Nina cc 200 ya rejeta, niliinunua Dar ikiwa imetumika, ikavuka na boti. Hapa Wete mjini karibu na soko mshale unapanda. Kilima cha kurudi nyumbani na gunia nyuma ndiyo kabisa, taa nyekundu inawaka. Lakini barabara ya Chake nikiiachia, mshale unarudi katikati kama hakuna kilichotokea.

Nimesoma pale uliposema upepo nikasema ndiyo yangu hii. Ila feni INAZUNGUKA. Naisikia na naiona kwa macho. Thamostati mpya, kulanti mpya, kifuniko kipya. Fundi wa huku kaniambia imebaki hedi tu, na keshanitajia bei.

#5 FundiGombani

Usifungue kwanza. Hedi iliyokwenda haibagui soko na barabara. Tena ukiiachia moto ndipo ingekusumbua zaidi, kwa sababu ndipo moto ndani ya silinda unaposukuma kwa nguvu.

Niambie: hiyo feni imewahi kuguswa na mtu? Waya zake ziko vile zilivyotoka kiwandani?

#6 MkweziWaWete

Imeguswa. Soketi ilikuwa imeoza kwa kutu ya kijani, miguu imekatika yote. Ikakatwa, waya zikaunganishwa moja kwa moja na kuzungushiwa tepu. Kwa kweli kuchemsha kumeanza baada ya hapo, lakini feni ilikuwa inafanya kazi kwa hivyo sikuitilia shaka.

#7 FundiGombani

Chukua karatasi moja ya daftari la skuli. Simamisha chombo mahali pasipo na upepo, iache iwake mpaka feni ianze. Isogeze karatasi MBELE ya rejeta, upande wa tairi, karibu kabisa na vibati, halafu iachie.

Feni imekaa nyuma ya rejeta na kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele. Karatasi inatakiwa inyonywe na kuganda kwenye vibati. Ikisukumwa, feni yako inazunguka kinyume. Mota ya namna hii ukiibadilishia chanya na hasi haigomi, inazunguka tu upande mwengine, na sauti ni ileile. Fanya uje utuambie.

#8 UpepoWaPaje

Samahani fundi, hata ikizunguka kinyume si upepo bado unapita kwenye rejeta? Upande huu au ule, upepo ni upepo.

#9 FundiGombani

Unapita, lakini kidogo. Panga za feni zimepinda kwa upande mmoja, ukizizungusha kinyume nguvu inapungua sana. Na hewa inayovutwa sasa inatoka kwenye injini na eksozi, tayari ina moto, ndiyo inayopelekwa kupoza rejeta. Halafu ukiwa mwendo wa pole, upepo mdogo unaokuja mbele unakutana na wa feni unaotoka nyuma, vinagongana. Mwendo ukiwa mkubwa upepo wa barabarani unashinda, ndiyo maana kwenye barabara ya Chake inapoa.

#10 MkweziWaWete

Karatasi imeruka ikanipiga kifuani, wallahi.

Nimekata viungo, nikazipishanisha waya, nikarudia karatasi: imeganda kama imetiwa gundi. Jioni nimepanda kilima kilekile na gunia lilelile. Mshale umepanda kidogo juu ya katikati, feni ikawaka, ukashuka, ikazima. Ikawaka tena, ikazima tena. Zamani ilikuwa ikiwaka haizimi mpaka nafika nyumbani.

#11 FundiGombani

Mashaallah. Hicho cha kuwaka na kuzima ndicho cha kutazama. Feni nzima inawaka maji yakikaribia nyuzi 100 au kupita kidogo, inazima yakishuka. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, jua inafanya kazi na haifaulu.

Sasa viungo hivyo usiviache na tepu. Visiwa hivi hewa ni ya chumvi, tepu inaachia gundi kwa joto, unyevu unaingia na kutu ya kijani inarudi. Viunge kwa risasi ya kuchomelea, uvivike mpira wa kubana kwa joto, au nunua soketi mpya yenye mpira wa kuzuia maji na uipake grisi kidogo.

Kwa wengine ambao feni haizunguki kabisa: ivutie waya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota nzima, tafuta fyuzi, rilei au swichi. Pikipiki za zamani nyingi zina swichi imefungwa kwenye rejeta yenye waya mmoja. Chomoa waya, washa ufunguo, gusisha waya kwenye chuma cha fremu. Feni ikiwaka, swichi imekufa. Kwenye mpya feni inaamriwa na kompyuta kupitia sensa ya joto, kwa hivyo usianze kugusisha waya ovyo, utaua kitu cha bei kubwa.

#12 MzeeMalindi

Karatasi ya skuli! Hiyo sikuijua. Ya thamostati nitaijaribu kwenye sufuria lakini siahidi kitu.

#13 UpepoWaPaje

Mimi nakodisha pikipiki kwa wageni huku Paje, nina kubwa kadhaa za rejeta. Tatizo langu ni lile la pili ulilosema, zinachemsha zikiwa kasi. Rejeta nikibadilisha inakaa msimu mmoja tu inaziba tena. Maji tunaongeza ya kisima, safi kabisa, hayana uchafu. Nini kinaziba?

#14 FundiGombani

Hayohayo maji safi.

Kaka, umekaa juu ya matumbawe. Maji ya kisima cha huko yamepita kwenye mawe ya chokaa, na karibu na pwani maji ya bahari yanapenya na kuyachanganya. Unayaona meupe kwa macho lakini yamebeba chokaa na chumvi. Ukitaka ushahidi fungua birika la umeme la hapo kazini kwako utazame chini, ule ukoko mweupe. Ndani ya rejeta njia za maji ni nyembamba mno, ukoko kidogo tu unatosha. Na hata pasipoziba, ukoko unazuia joto kutoka kwenye maji kwenda kwenye chuma. Chumvi kazi yake ni nyingine: inaila alumini, na ndiyo inayokuletea vitundu vya sindano na pampu iliyoliwa panga.

Kwa rejeta ambazo hazijafa: mwaga maji yote (kuna bolti ya kumwagia, mara nyingi chini ya pampu), jaza maji ya kuosha, washa mpaka thamostati ifunguke na mpira wa chini upate moto, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Ukoko ukiwa mwingi, siki nyeupe iliyochanganywa na maji inaulegeza, lakini isilale humo usiku kucha, alumini haipendi asidi. Suuza sana baada yake. Ukimaliza, iguse rejeta kwa mkono injini ikianza kupata moto. Sehemu ya baridi katikati ya moto ndipo palipoziba, na zikiwa nyingi nunua mpya.

Kuanzia hapo ni kulanti na maji yaliyosafishwa. Nusu kwa nusu inatosha kabisa huku. Sisi hatuna baridi ya kugandisha, tunachotaka ni dawa ya kutu iliyomo, na kwamba inapandisha kiwango cha kuchemka. Nusu kwa nusu huchemka karibu nyuzi 106 hata bila shinikizo la kifuniko. Lakini usije ukafikiri ukitia kulanti tupu ndiyo bora zaidi. Maji yanabeba joto kuliko kulanti, tupu inapoza vibaya. Na ukinunua ile iliyokwishachanganywa kiwandani, usiiongezee maji.

Na wageni wako wakipita mchangani maji yakiwa yamekupwa, chombo kikirudi kioshwe kwa maji ya kawaida siku hiyohiyo, rejeta na soketi za feni pia.

#15 UpepoWaPaje

Maji yaliyosafishwa huku ni yale ya betri ya kituo cha mafuta?

#16 FundiGombani

Ndiyo, na hapa kuwa makini sana. Kuna maji ya betri ya kuongezea, ambayo ni maji yaliyosafishwa tu, na kuna asidi ya betri, ile ya kujazia betri mpya. Dukani zote mbili utasikia zinaitwa "maji ya betri" na vidumu vinafanana. Asidi ukiitia kwenye rejeta umeiua, na ikikurukia umeumia. Soma maandishi, muulize muuzaji, usichukue kidumu kisicho na karatasi.

Ukiwa njiani na huna kitu, maji ya mvua ni nafuu kuliko ya kisima. Ya kisima ni ya kukufikisha nyumbani tu, halafu yamwage. Usiyamimine juu ya injini ya moto kuipoza, hedi inapinda au kupata ufa. Kaa kivulini, subiri.

#17 MwanaMakangale

Fundi mimi rejeta ina kitundu kidogo cha sindano, inatoa tone moja moja. Nimeshauriwa nitie bizari ya manjano, mwengine kasema ute wa yai. Kipi bora?

#18 FundiGombani

Bizari peleka jikoni ikatiwe mchuzini, na yai ulile asubuhi.

Vyote viwili vinaziba, hilo ni kweli, na ndiyo shida yake. Haviwezi kuchagua kati ya kitundu cha kuvuja na njia nyembamba ambayo maji yanatakiwa yapite. Utasimamisha tone na kuanzisha kuchemsha. Kikiwa kitundu kimoja, rejeta ya alumini inachomewa kwa gesi ya argoni na mtu anayeijua kazi. Vikiwa vingi, hiyo imeliwa na chumvi, usitie pesa humo.

Kabla ya hapo hakikisha kweli ni rejeta. Tandika kadibodi safi chini ya chombo usiku, asubuhi tazama tone liko wapi. Kulanti ikikauka inaacha alama ya rangi au ukungu mweupe kwenye viungo, ifuate kwenda juu mpaka mwanzo wake. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo cha makusudi. Maji yakitoka hapo sili ya maji imekufa, oili ikitoka hapo sili ya oili imekufa. Usikizibe kwa gundi! Nimeona watu wanakiziba, matokeo yake maji yanakosa pa kutokea na yanaingia kwenye oili.

Na hayo matone usiyaache yakatuama uani. Kulanti ina utamu, paka, kuku, mbuzi na watoto wadogo wanailamba. Ni sumu ya kuua figo.

#19 BintiKikwajuni

Assalaam alaykum kaka zangu. Mimi nina vespa ya 150 ya rejeta, Darajani mpaka Mwanakwerekwe mchana kwenye foleni taa inawaka. Nimeitafuta hiyo feni ya umeme sijaiona. Kuna kijana akanifungulia kava la plastiki la ubavuni akasema ipate hewa. Sasa ndiyo mbaya zaidi. Je, imeibiwa feni?

#20 FundiGombani

Wa alaykum salaam dada. Haijaibiwa. Skuta nyingi za aina ya Honda PCX na Yamaha NMAX rejeta yao iko ubavuni mwa injini, karibu na gurudumu la nyuma, na feni yake ni ya plastiki imefungwa kwenye shafti ya injini. Injini ikizunguka, nayo inazunguka. Haina waya wala swichi.

Kava lirudishwe leo hii. Lile halikuwekwa kwa urembo, ndilo linaloulazimisha upepo upite ndani ya rejeta. Likiondoka feni inavuta hewa ya pembeni tu, na rejeta inabaki bila kitu. Kabla hujalirudisha, mulika tochi ndani ya rejeta. Ilivyo chini namna ile, inakusanya mchanga, manyoya, majani na vipande vya mifuko. Toa kwa brashi laini. Tazama na panga za feni kama hazijavunjika.

Halafu kagua kiwango cha kulanti ikiwa baridi. Kama hujui mara ya mwisho kubadilishwa ni lini, badilisha. Vitabu vingi vinasema kila miaka 2 au 3.

#21 BintiKikwajuni

Kava limerudi. Ndani kulikuwa na pamba ya mchanga na nywele sijui za nini, imetoka kama zulia. Nasubiri foleni ya kesho. Swali la mwisho: iliyomo ni ya kijani, dukani wana nyekundu na buluu. Nichanganye?

#22 FundiGombani

Usichanganye, mwaga yote utie aina moja. Rangi ni rangi tu, kila kiwanda kinatia yake, haikwambii kilichomo. Aina mbili zisizopatana zinaweza kuganda uji ndani ya rejeta. Tafuta iliyoandikwa inafaa injini za alumini.

Ukijaza, toa hewa: kifuniko wazi, injini baridi, washa, iache ipate moto taratibu huku unabana mipira kwa mkono na kuongeza maji yakishuka. Egemeza chombo kulia na kushoto kidogo. Vipovu vikiisha na maji yakitulia, funga. Kama chombo chako kina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze mpaka yatoke maji bila vipovu. Wengi wanaosema "nimebadilisha kulanti ndiyo imeanza kuchemsha" wameiacha hewa ndani.

#23 MwanaMakangale

Fundi nimerudi. Nimetandika kadibodi, kavu kabisa, kile kitundu kilikuwa kimeshikwa na uchafu. Lakini maji bado yanapungua kila ninapofungua asubuhi. Moshi mweupe asubuhi na hauishi hata ikipata moto, una harufu ya utamu. Jana mpira wa juu umekuwa mgumu kama fimbo mara tu baada ya kuwasha, kabla hata joto halijapanda. Nimefungua kifuniko ikiwa baridi nikawasha, vipovu vinatoka mfululizo, haviishi, na ukiongeza moto vinaongezeka.

#24 FundiGombani

Oili je? Chomoa kijiti, au tazama kwenye kioo cha oili.

#25 MwanaMakangale

Imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kitundu cha pampu kikavu, hakijazibwa, nimekichokoa kwa waya.

#26 FundiGombani

Yako sasa ndiyo hedi. Isiwashwe tena, hata kuisogeza uani isukume. Oili yenye maji haishiki kwenye chuma, ukiendelea utaua na beringi za chini.

Mpira kuwa mgumu kabla ya joto maana yake si mvuke unaoujaza, ni moshi wa silinda unaopenya kwenye njia za maji. Tutafungua, lakini kubadilisha gasketi peke yake hakutoshi. Hedi iwekwe rula ya chuma iliyonyooka, upande huu, upande ule na pembe kwa pembe, tupitishe vipimo vyembamba chini yake. Vitabu vingi vya pikipiki vinaweka kikomo kati ya milimita 0.05 na 0.10. Ikizidi inapelekwa kuskimiwa (kusawazishwa uso kwa mashine), na uso wa silinda nao unakaguliwa vilevile. Bolti zinakazwa kwa mkato wa msalaba, kwa awamu, na spana ya kipimo kwa namba za kitabu cha chombo chako. Anayekaza kwa mkono na kusema "nimeizoea" ndiye atakayekurudisha gereji.

Utahitaji gasketi ya hedi halisi, sili za valvu kama zimechoka, kulanti, maji yaliyosafishwa, na oili ya kubadilisha mara mbili: ya kwanza ni ya kusafishia, inawashwa muda mfupi na kumwagwa, ya pili ndiyo ya kutembelea na chujio jipya. Gasketi usinunue kwa kukisia, chukua namba ya injini iliyopigwa kwenye kreki kesi (gamba la chini la injini) uende nayo dukani.

Kutoka Makangale ni mbali kuisukuma. Tafuta keri ya kuipakia uilete Gombani, Jumamosi asubuhi. Ijumaa nafunga mapema.